Kompaila ya kale ya C: uchague ipi ya kujifunzia?

Kabla ya kulinganisha kompaila, yaani programu zinazotafsiri msimbo wa C kuwa maagizo ya mashine, tuandike programu moja fupi ambayo tutakwenda nayo hadi mwisho. Inapiga hesabu ya faktoria, yaani 1 mara 2 mara 3 na kuendelea, kuanzia 1 hadi 8:

```
main()
{
    int n, f;
    f = 1;
    for (n = 1; n <= 8; n++) {
        f = f * n;
        printf("%d %d\n", n, f);
    }
}
```

Nimeiandika kizamani kwa makusudi, ili kila kompaila ninayoizungumzia hapa iikubali. Mara ya kwanza nilipoiendesha nilikuwa mwanafunzi katika maabara ya kompyuta, nimekaa mbele ya skrini ya buluu ya Turbo C. Ilikwenda vizuri mpaka 7, ikatoa 5040. Ilipofika 8 ikatoa -25216. Mwalimu wetu, mtu mwema aliyekuwa na wanafunzi wengi kuliko mashine, alisema kwamba C ndivyo ilivyo, na somo likaendelea. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba lugha yenyewe haikuwa imeagiza jibu lile. Lilitokana na mashine ya biti 16, ambayo huhifadhi namba nzima kwa tarakimu 16 za 0 na 1 na hivyo haivuki 32767, pamoja na kompaila iliyotungwa kwa ajili ya mashine hiyo, na kwenye kompaila nyingine ya zama zilezile programu hiyohiyo, bila kubadilishwa hata nukta, ingetoa 40320 kama inavyotakiwa.

Ndiyo maana naona suala la kompaila gani ya kale mtu aanze nayo lina uzito kuliko linavyopewa. Mengi ambayo mwanafunzi hujifunza akidhani ni C huwa ni tabia za chombo alichokikalia. Anayetaka kuijua historia ya lugha hii kwa mikono yake, na si kwa kusoma tu, anapaswa kuchagua chombo akijua kitampa tabia gani. Nimeweka mezani vinne: kompaila ya Unix ya Toleo la 7, BDS C ya CP/M, Turbo C 2.01 ya DOS, na GCC ya mradi wa GNU (Unix, CP/M na DOS ni mifumo endeshi). Nimevichagua kwa sababu vyote vinne vinapatikana leo kwa njia halali na kila kimoja kinaonyesha namna tofauti ya kufanya kazi. Lattice C, ambayo ilikuwa miongoni mwa kompaila za mwanzo kabisa kwenye IBM PC, nimeiacha, ingawa ina nafasi yake katika historia: matoleo ya kwanza ya Microsoft C yalikuwa Lattice iliyobadilishwa jina, na Microsoft haikutoa kompaila iliyoiandika yenyewe hadi toleo la 3 mwaka 1985.

Unix ya Toleo la 7: pale ilipozaliwa lugha

C ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliijenga juu ya B, lugha ya mwenzake Ken Thompson, ambayo nayo ilitokana na BCPL ya Martin Richards wa Cambridge. Kompyuta ya PDP-11 waliyoanza nayo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24, na humo ulipaswa kukaa mfumo endeshi pamoja na programu ya mtumiaji. Mwaka 1973 kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa C, na tangu hapo lugha na mfumo vikakua pamoja, kila mahitaji mapya ya mfumo yakisukuma kitu kipya ndani ya lugha. Toleo la 7, lililotoka mwaka 1979, ndilo ninalolipendekeza kwa anayetaka kuanzia kwenye chimbuko, kwa kuwa C yake inakaribiana sana na ile iliyoelezwa na Kernighan na Ritchie katika kitabu chao cha 1978. Ukirudi nyuma hadi Toleo la 6 utakuta bado wanaandika `=+` mahali ambapo sisi tunaandika `+=`, na utapoteza muda kwa mambo ambayo lugha yenyewe iliyatupa. Sababu ya kuyatupa inafaa kukumbukwa: katika uandishi ule wa zamani, `x=-1` ingeweza kusomeka kuwa "punguza 1 kutoka x" badala ya "x iwe hasi moja", na tofauti ilitegemea nafasi moja tupu.

Leo utaiendesha ndani ya SIMH, programu inayoiga mashine za kale, ambayo kazi yake iliongozwa na Bob Supnik. Leseni si kikwazo, kwa kuwa Januari 2002 kampuni ya Caldera ilizifungulia Unix za kale, Toleo la 7 likiwemo. Ukishaingia, jambo la kwanza litakalokushangaza ni kibodi. Katika Toleo la 7 alama ya kufuta herufi moja ni `#`, na ya kufuta mstari mzima ni `@`. Sasa jaribu kuandika `#include`. Mfumo utadhani unafuta, na alama yako itatoweka. Itakubidi utangulize mkwaju wa nyuma, `\#include`, au utumie amri ya `stty` kuhamishia kazi ya kufuta kwenye kitufe kingine. Jambo hili lina mantiki yake kwa anayekumbuka kwamba watu wale walikuwa wakiandika kwenye teletaipu inayochapa kwenye karatasi, ambako herufi iliyokwisha kuchapwa haifutiki. Kilichowezekana ni kuweka alama ya kuitangua.

Kihariri ni `ed`. Hakionyeshi ukurasa, kinangoja amri. Unaandika `ed faktoria.c`, unabonyeza `a` ili uanze kuongeza mistari, unaandika programu, unaweka nukta peke yake kwenye mstari ili kumaliza, `w` kuhifadhi, kinakujibu idadi ya herufi zilizoandikwa, kisha `q`. Ukikosea amri, kinajibu `?` na hakiongezi neno. Baada ya hapo ni `cc faktoria.c`, halafu `a.out`. Chini ya amri hiyo moja ya `cc` kuna programu kadhaa zinazopokezana: kitangulizi kinachoshughulikia mistari ya `#`, kisha `c0` inayosoma msimbo na kuuchambua, kisha `c1` inayozalisha asembli, yaani maagizo ya prosesa kwa maandishi, na `c2` ya kuboresha ukiiomba, halafu asembla inayoyageuza maagizo hayo kuwa ya mashine, na kiunganishi kinachounganisha vipande kuwa programu moja. Kompaila ilikatwakatwa hivyo kwa sababu isingetosha yote kwa pamoja kwenye kumbukumbu. Mtu aliyewahi kuona vipande hivi vikifanya kazi kimoja kimoja haogopi tena kompaila, na hilo kwangu ni faida ambayo mazingira ya baadaye, kwa uzuri wao wote, yaliificha.

Kuna jambo lingine utakalojifunza hapa ambalo huwezi kulijifunza kwingine kwa urahisi. Tuseme una funksheni mbili, `hesabu_jumla` na `hesabu_wastani`. Kwa jicho letu ni majina mawili yaliyo wazi. Toleo la 7 linashika herufi nane za mwanzo tu za jina, na kwa majina yanayovuka kutoka faili moja kwenda nyingine kompaila hutanguliza mstari wa chini, kwa hiyo zinabaki saba. Zote mbili zinakuwa `_hesabu_`, na kiunganishi kinalalamika kwamba jina moja limefafanuliwa mara mbili. Hapo utaelewa kwa nini maktaba ya C imejaa majina yaliyobanwa kama `strcpy` na `atoi`. Kwa Kiswahili, ambamo tunapenda kuanza na kitenzi na maneno yetu si mafupi, kizuizi hiki kinauma kuliko kinavyomuuma Mwingereza, na wanafunzi wanaotumia majina ya Kiswahili kwenye programu zao wataligundua ndani ya saa ya kwanza.

Kuhusu kusaka makosa, kompaila yenyewe ni pole mno: hutaulizwa kama idadi ya hoja unazoipa funksheni inalingana na inazotarajia. Kazi hiyo iliachiwa programu nyingine, `lint`, ya Stephen Johnson, ambayo ilitumia sehemu ya mbele ya kompaila yake nyingine maarufu, pcc, iliyobuniwa ili ihamishike kutoka mashine moja hadi nyingine bila kuandikwa upya yote. Pcc ndiyo iliyoibeba C hadi kwenye mashine nyingi zilizofuata za Unix. Ukiongeza `make`, ambayo Stuart Feldman aliianza Bell mwaka 1976, utaona kwamba mazingira ya Unix yalikuwa kundi la vyombo vidogo, kila kimoja na kazi yake, na mtu ndiye aliyeviunganisha.

BDS C: kuishi ndani ya kilobaiti 64

Kwa BDS C sitakaa sana. Leor Zolman aliitoa mwaka 1979 kwa mashine za prosesa ya 8080 na Z80 zilizotumia CP/M, mfumo endeshi wa Gary Kildall. Mashine hizo zilifikia kilobaiti 64 za kumbukumbu, na diski laini zake zilikuwa za polepole. Kompaila iliyopitisha kazi yake kwenye faili za muda mara tatu au nne ilimwacha mtu akingoja. Zolman aliamua kuupakia msimbo wote kwenye kumbukumbu na kuutafsiri humohumo. Kasi yake ndiyo iliyowafanya watu waipende, na wapo walioitumia kwa programu za kuuza, kama kihariri cha Mince cha kampuni ya Mark of the Unicorn.

Gharama yake iko kwenye lugha. Hakuna `long`, hakuna `float`, hakuna `static`, na huwezi kukipa kigeu thamani pale unapokitangaza. Namba za desimali huhifadhiwa kwenye safu za `char` na kushughulikiwa kwa kuita funksheni za maktaba, kiasi kwamba kujumlisha namba mbili kunakuwa sentensi nzima. Faktoria yetu itapita, kwa kuwa sikuweka chochote cha anasa, na hata jina la faili, `FAKTORIA.C`, linaingia kwenye herufi nane za CP/M bila kubaki moja. Unatoa amri ya `cc`, kisha `clink`, na jibu la 8 ni lilelile -25216.

Zolman aliuachia umma msimbo wa kompaila hiyo mwaka 2002. Hata hivyo umeandikwa kwa asembli ya 8080, kwa hiyo anayetaka kuona kompaila ya C iliyoandikwa kwa C afadhali atafute Small-C ya Ron Cain, iliyochapishwa nzima katika jarida la Dr. Dobb's mwezi Mei 1980. Ni ndogo, inaacha sehemu kubwa ya lugha, lakini inajitafsiri yenyewe, na mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuisoma yote kwa siku chache. Kama nia yako ni kuelewa jinsi kompaila inavyojengwa, Small-C itakufaa kuliko BDS C. BDS C nampendekezea yule tu anayependa mashine za CP/M kwa ajili yake zenyewe, au anayeandikia prosesa ndogo na anataka kuona jinsi mtu hodari anavyobana matumizi.

Turbo C: mzunguko mfupi

Turbo C ilitoka mwaka 1987. Borland ya Scotts Valley, California, haikuianza kutoka mwanzo. Ilinunua Wizard C ya Bob Jervis na kuivalisha mazingira yaliyofanana na yale ya Turbo Pascal yake ya 1983. Si kweli, kama nilivyowahi kuambiwa, kwamba ilikuwa ya kwanza kuunganisha kihariri na kompaila ya C kwenye dirisha moja, kwa sababu Lightspeed C ilifanya hivyo kwenye Macintosh mwaka 1986. Lakini ndiyo iliyofika kwa wengi, na bei ilikuwa na sehemu kubwa katika hilo: dola 99.95 wakati ambapo kompaila kubwa za DOS ziliuzwa kwa mamia ya dola. Microsoft ilijibu mwaka huohuo kwa QuickC, yenye bei ya jirani. Toleo la 1.5 lilileta maktaba ya michoro ya BGI mapema 1988, na toleo la 2.0 baadaye mwaka huo likaleta skrini ya buluu na kifaa cha kusaka makosa ndani ya mazingira yenyewe. Borland baadaye ililiweka toleo la 2.01 kwenye jumba lake la makumbusho la mtandaoni, watu walipakue bure, na leo linaendeshwa vizuri ndani ya DOSBox, programu inayoiga mashine ya DOS.

Uzuri wake unaonekana pale unapokosea. Sahau nukta-mkato kwenye faktoria kisha bonyeza Ctrl-F9, vitufe vya kutafsiri na kuendesha. Chini ya skrini linafunguka dirisha la ujumbe, kosa limeandikwa kwa sentensi. Unabonyeza Enter na kasa (alama inayoonyesha mahali unapoandika) inakupeleka kwenye mstari wenyewe. Unarekebisha, Ctrl-F9 tena, programu inakimbia, Alt-F5 unaona ilichoandika. Ukitaka kujua `f` inakuwa nini kila mzunguko, unaiweka kwenye dirisha la kutazama kwa Ctrl-F7, kisha unatembea mstari kwa mstari kwa F7. Niliiona kwa macho yangu `f` ikitoka 5040 na kuruka hadi -25216. Laiti mtu angekuwa pembeni yangu siku ile kunieleza nilichokuwa nakiona, ningeelewa biti 16 ni nini kabla ya chakula cha mchana. Kwa `ed` na `cc` ningelazimika kuongeza `printf`, kutafsiri upya, na kusoma orodha. Sioni aibu kusema kwamba kwa mtu anayeanza kabisa, Turbo C inafundisha haraka kuliko vyombo vingine vyote vilivyomo humu.

Tatizo ni inachofundisha kando. Kwanza, `main()` ya kizamani inapokewa na onyo kwamba funksheni inapaswa kurudisha thamani, na wengi waliliondoa onyo hilo kwa dawa rahisi ya kuandika `void main()`, ambayo kiwango cha C hakikuitambua. Pili ni `conio.h`, maktaba ya skrini na kibodi ambayo si sehemu ya kiwango cha C. Programu nilizoziandika mwaka wangu wa kwanza zilianza zote kwa `clrscr()` na kuishia kwa `getch()`, na niliamini ndivyo programu ya C inavyoanza na kuisha. Siku nilipozipeleka kwenye Linux hakuna hata moja iliyokubali. Tatu ni michoro: mstari wa `initgraph(&gd, &gm, "C:\\TC\\BGI")`, uliokaririwa kama dua, unafanya kazi pale tu folda iko mahali hapohapo. Na nne, iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba prosesa ya 8086 hugawa kumbukumbu katika vipande vya kilobaiti 64, na Turbo C ilimtaka mwandishi achague mojawapo ya mipango sita ya kumbukumbu, kuanzia Tiny hadi Huge, na kutofautisha vielekezi (vigeu vinavyoshika anwani za kumbukumbu) vya `near` na vya `far`. Nguvu nyingi zilitumika kujifunza ugumu wa Intel kwa jina la C.

Pamoja na hayo, mtu aitendee haki. Turbo C ilifuata rasimu ya kiwango cha C cha ANSI, shirika la viwango la Marekani, wakati kamati ya X3J11, iliyoanza kazi 1983, ilikuwa bado haijamaliza. Kiwango chenyewe kilipitishwa Desemba 1989. Ukiandika matangazo ya funksheni kwa namna mpya, yenye aina za hoja ndani ya mabano, inakukagua. Majina yanashika herufi 32, kwa hiyo `hesabu_jumla` na `hesabu_wastani` zinaishi kwa amani.

GCC: kompaila inayojipima

Mwaka huohuo wa 1987, Machi, Richard Stallman alitoa toleo la kwanza la majaribio la GCC, na Mei likafuata 1.0. Alikuwa ameanza mradi wa GNU mwaka 1984 akitaka mfumo endeshi mzima ulio huru, na hakuna mfumo huru bila kompaila huru. Alijaribu kwanza kutumia kompaila ya lugha ya Pastel kutoka maabara ya Livermore, akaiacha kwa sababu ilihitaji kumbukumbu ambayo mashine za 68000 za wakati ule hazingeweza kuitoa. GCC ilielekezwa tangu mwanzo kwenye mashine za biti 32, na 8086 ikaachwa nje. Wa DOS walisubiri hadi DJ Delorie alipoanza DJGPP, yaani GCC ya DOS, mwaka 1989, na hata hapo ilibidi wawe na prosesa ya 386. Kwa hiyo mwaka 1988, aliyekuwa na kompyuta ya kawaida ya mezani hakuwa na uchaguzi huu tunaoufanya leo. Turbo C na GCC ziliishi katika nyumba mbili tofauti.

Faktoria yetu ndani ya GCC inatoa 40320, na mtu anaweza kudhani mambo yamekwisha. Badilisha 8 iwe 13. Kwa 12 utapata 479001600, ambayo ni sahihi, na kwa 13 kwa kawaida utapata 1932053504, ambayo si sahihi: jibu halisi ni 6227020800. Tazama hatari iliyopo. Turbo C ilipofurika, yaani namba ilipozidi nafasi yake, ilitoa namba hasi, na hata mtoto angeshtuka. GCC ya biti 32 ilipofurika ilitoa namba chanya, kubwa, yenye sura ya heshima, na hakuna atakayeitilia shaka. Kwa sababu hii pekee ningependa kila mwanafunzi aiendeshe programu hii kwenye angalau kompaila mbili.

Mazingira ya GCC yanafuata desturi ya Unix: vyombo vilivyotengana. Kihariri kilikuwa Emacs, kusaka makosa kulifanywa na gdb, na kujenga kwa `make`. Ila Emacs ilikuwa na amri ya `M-x compile`, iliyoonyesha makosa kwenye dirisha na kukupeleka kwenye mstari wa kosa, kwa hiyo sifa tunayoipa Turbo C haikuwa yake peke yake. Tofauti ni kwamba Emacs ilimtaka mtu awe amekwisha kujifunza Emacs.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi GCC inavyojengwa. Unachukua kompaila yoyote ya C iliyopo kwenye mashine, mbovu au nzuri, unaitafsiri GCC nayo. Kompaila inayopatikana unaitumia kuitafsiri GCC tena, na matokeo ya hapo unayatumia kuitafsiri mara ya tatu. Kisha unalinganisha zao la mara ya pili na la mara ya tatu, baiti kwa baiti. Zikipishana, kuna kosa mahali. Ken Thompson, katika mhadhara wake wa tuzo ya Turing uliochapishwa 1984, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kompaila inaweza kupandikizwa hila inayojirithisha kila inapojitafsiri bila kuonekana kwenye msimbo. Ulinganisho wa hatua tatu haumalizi tatizo hilo, kwa kuwa hila ya aina hiyo ingepita bila kuonekana, lakini unamfundisha mtu kuishika kompaila kama kitu kinachopaswa kupimwa.

Tahadhari moja kwa atakayetumia GCC mpya badala ya kuitafuta ya kale: toleo la 14, la 2024, litakataa faktoria yetu, kwa sababu `main` haina aina na `printf` haikutangazwa. Ongeza `-std=gnu89` kwenye amri na itapokewa, pengine na onyo moja au mawili.

Nani achague ipi

Kwa anayeanza kuandika programu, na ana mwalimu aliye tayari kueleza, ningemwekea Turbo C kwa wiki nne au sita, si zaidi, kwa ajili ya ule mzunguko mfupi wa kuandika, kuendesha na kutazama vigeu. Asiye na mwalimu asianze nayo. Atakusanya tabia ambazo hatakuwa na wa kumwambia kwamba ni za DOS.

Anayejua C tayari na anataka kujua ilikotoka, jibu langu ni Toleo la 7 bila kusitasita. Atalipa kwa usumbufu wa `#` na `@` na ukimya wa `ed`, lakini atakuwa na mfumo mzima, kompaila na msimbo wake mkononi, kiasi kidogo ambacho mtu mmoja anaweza kukifahamu chote. Hakuna kingine kati ya hivi vinne kinachoweza kusemwa hivyo. GCC ya leo haisomeki na mtu mmoja, na msimbo wa Turbo C haukuwahi kutolewa.

Anayetaka kazi yake iishi, iendeshwe kesho kwenye mashine ambayo haijatengenezwa, achukue GCC, na aizoee kwa `-Wall -ansi -pedantic`, chaguo za kutoa maonyo na kushika kiwango, tangu siku ya kwanza ikiwa anajifunza C ya 1989. BDS C ibaki kwa wapenzi wa Z80.

Na kwa mwalimu ambaye mtaala au mashine vinamlazimisha kubaki na Turbo C, naelewa hali hiyo na siyo mwisho wa dunia. Fungua menyu ya Options, kisha Compiler, kisha Source, uwashe ANSI keywords only, ili `near` na `far` zisiingie kwenye kazi za wanafunzi. Menyu hiyo haizuii `conio.h`, hilo ulikatae mwenyewe unaposahihisha. Halafu wape faktoria. Wakifika kwenye -25216, waache waitazame `f` kwenye dirisha la kutazama, kisha waambie wabadilishe `int n, f` iwe `int n; long f`, na `%d` ya pili iwe `%ld`, wasogeze kikomo hadi 13, na kila mmoja aandike kwenye daftari jibu alilopata na jibu alilolihesabu kwa mkono.